Siku Safari Rally Iliporudi Elementaita

Baba alikataa katakata kwenda kwa gari langu. Alisema mashindano ya magari ya Safari Rally hayaendewi na kigari cha otomatiki. Basi Jumamosi hiyo, tarehe 26 Juni 2021, tulitoka Nakuru mapema ndani ya Peugeot 504 yake, ile ndefu iliyokuwa ikibeba abiria wa Eldama Ravine miaka ambayo hata hawakuhesabiwa, watatu wakikaa pale palipotengenezewa wawili. Alikuwa fundi wake kabla hajawa mwenyewe. Tajiri alipochoka nayo, Baba aliichukua badala ya deni la matengenezo.

Vijana wa leo huenda wasielewe kwa nini mzee wa makamo yale aliamka saa kumi za usiku kunyoa ndevu. Safari ilikuwa imeondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Ikaahidiwa kurudi 2020, korona ikaizuia. Sasa ilikuwa inarudi, tena Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, hapo tu tukishapita Mbaruk.

Kuanzia Lanet, Baba alianza somo lake. Mashindano yalianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayo aliyapitia haraka, ya Malkia hayamhusu. Alipofika kwa Joginder Singh ndipo alipopunguza mwendo, akapisha lori moja baada ya jingine ili asikatizwe. Joginder alizaliwa Kericho. Alikuwa fundi. Mwaka 1965 alishinda na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine, kisha akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. "Fundi," Baba akarudia, akinitazama mimi badala ya barabara. "Si dereva tu. Fundi."

Halafu ikaja zamu ya Peugeot, nami nilijua itakuja. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na mara zote mbili alikuwa ndani ya Peugeot 404. Baba akaipigapiga dashibodi ya 504, ambayo nayo ilishinda 1975 na 1978, na mimi nikashukuru kwamba hatukuwa na mtu mwingine garini.

Tulisimama na wanakijiji kwenye mwinuko, polisi wakitupanga, barakoa zimeshuka videvuni. Mbele yetu kilikuwa kile kilima ambacho ukiwa barabara kuu hukiona kama mtu aliyelala chali. Waandaaji waliipa sehemu hiyo ya mbio jina la Sleeping Warrior, yapata kilomita 31 za vumbi laini na mawe. Helikopta ikatangulia. Kisha sauti, kisha wingu la vumbi, kisha Toyota ya Mfaransa Sébastien Ogier ikapita na kutuachia mchanga menoni. Kijana mmoja akapiga kelele hadi akakohoa. Baba hakusema neno. Alikuwa ameangalia magurudumu tu.

Baina ya mzunguko wa asubuhi na wa alasiri kulikuwa na saa nyingi za kukaa bure, na hapo ndipo siku yangu ilipokuwa tamu. Vijana wa bodaboda waliizunguka 504. Mmoja akamwita Baba "guka", yaani babu, akamwomba afungue boneti. Akafungua. Akawaonyesha kabureta, akawaeleza jinsi madereva wa zamani walivyoinua bomba la hewa juu ya boneti ili wavuke mito, na jinsi barabara hazikufungwa: gari la mashindano na lori la maziwa vilikutana konani, kila mmoja na bahati yake. Mbio zenyewe zilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, mchana na usiku, wikendi ya Pasaka. Hizi za siku nne tulizokuja kutazama hazikufika hata 350 za kushindania muda.

"Sasa guka, hizi mpya hazikupendezi?"

"Zinapendeza. Lakini mtaani kwenu nani anayo?"

Sikukubaliana naye kabisa, na bado sikubaliani. Mtoto haendi kutazama rally ili aone gari la jirani. Ila najua alichomaanisha: zamani gari lililopita likiruka ndilo lililokupeleka kliniki, na ukilisukuma likitoka matopeni unajua pa kushika. Ndiyo maana alipenda zaidi mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari. Alinisimulia mara nyingi kuhusu dereva Msweden Björn Waldegård, aliyeshinda Safari kwa mara ya kwanza 1977, kisha akarudi 2011 akiwa na miaka 68, mwanawe kando yake akimsomea njia, akashinda Classic na Porsche 911.

Alasiri mvua ikaja. Si manyunyu, mvua yenyewe, ile inayogeuza vumbi la Elementaita kuwa sabuni. Magari yakapita yakiteleza ubavu, taa zimewashwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Baba akapiga makofi. "Hii sasa ni Safari!"

Wakati wa kutoka, gari jipya la kifahari lilikuwa limeziba njia, magurudumu yakizunguka bure. Baba akavua koti, akanipa. Akawapanga wale vijana wawili nyuma, mmoja pembeni, akamwambia dereva aache kukanyaga mafuta, aweke gia ya pili, atulie. Likatoka. Mwenyewe akatoa noti, Baba akawaelekezea vijana.

Jumapili tuliangalia mwisho kwenye televisheni. Mbelgiji Thierry Neuville aliamka akiongoza kwa karibu dakika nzima, gari likavunjika shoki asubuhi hiyo hiyo. Ogier akachukua ushindi, Mjapani Takamoto Katsuta akawa wa pili, na Mkenya Onkar Rai akamaliza wa saba. Baba akasonya akimwonea Neuville huruma, akaniambia Safari huamuliwa chini ya gari.

Jumatatu akanituma mjini nimtafutie bushi za 504, zile raba za chini ya gari. Za mbele zilikuwa zimelia njia nzima kutoka Mbaruk, na hatukuwa tumezungumzia jambo hilo hata mara moja.