Panya Wazima, Maini Mabovu

Kuna ushauri niliopewa kazini hapa Mombasa ambao ukiufuata utatoa ripoti safi sana, na ya uongo. Mpaka leo unanikera.

Ninachopima ni uharibifu wa ini kwa panya, nione kama majani ya mlonge yanalilinda. Panya akipewa paracetamol kupita kiasi, ini lake hugeuza sehemu ya dawa kuwa sumu iitwayo NAPQI. Glutathioni ndiyo huitega sumu hiyo. Ikiisha, molekuli kali za oksijeni huanza kushambulia mafuta kwenye utando wa seli. Hali hiyo ndiyo mkazo wa oksidesheni, jambo ambalo Mjerumani Helmut Sies alilipa maana yake mwaka 1985. Mafuta yakiharibika huacha mabaki yaitwayo MDA. Ichemshe na asidi ya TBA utapata rangi ya waridi, mashine iisome kwenye nanomita 532. Rangi ikikolea, ini limeumia. Kwenye karatasi ni kazi ya mchana mmoja.

Basi kundi langu la panya waliokunywa maji matupu likasoma karibu sawa na waliopewa sumu. Panya wanene, wanarukaruka kizimbani, na vipimo vinasema maini yamekwisha! Mkubwa mmoja akanishauri, "Mwanangu, waliozidi waondoe tu, umalize mapema." Mwingine akasema nitie vitamini C kwenye tyubu izuie uharibifu. Nikatia. Vipimo vikapanda zaidi! Mle mlikuwa na damu, damu ina chuma, na vitamini C ikikutana na chuma huchochea moto uleule uliotumwa kuuzima.

Damu nikaitoa kwa kusukuma maji ya chumvi baridi kupitia mshipa mkubwa wa ini, polepole, mpaka ini likapauka likawa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiona bado kuna mabaka mekundu, endelea kusukuma. Vipimo vikashuka, lakini si vya kutosha.

Hapo ndipo nilipojisifu mwenyewe, maana hakuna aliyenisifu. Maelekezo niliyokabidhiwa yalitaka ini lisagwe kwenye maji ya sukari. Nikachukua maji hayo ya sukari peke yake, hayana ini wala panya, nikayachemsha na TBA. Yakatoka ya rangi ya machungwa, na mashine ikanisomea "ugonjwa" kwenye 532! Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Kumbe muda wote nilikuwa nikipima ini la duka la sukari. Nikahamia kloridi ya potasiamu, asilimia 1.15, na nikaongeza BHT kidogo kabla ya kuchemsha, ileile inayotiwa kwenye mafuta ya kupikia yasichache.

Likabaki tatizo la baridi. Joto la Machi la hapa unalijua, na umeme hukatika bila hodi. Maini yaliyogandishwa yalitakiwa kuvushwa kutoka friza moja hadi jengo jingine, na barafu kavu haipatikani kwa bei ya mtu wa mshahara. Nikaenda kwa wauza samaki kule Bandari ya Kale.

"Ami, naomba barafu."

"Ya samaki gani?"

"Ya ini."

"Ini la ng'ombe halihitaji yote hiyo, binti."

"La panya, ami."

Akanitazama, akatazama ndoo yangu, akatia barafu bila neno. Kisha akanimwagia ngumi kadhaa za chumvi ya mawe juu yake, akasema hivyo ndivyo wanavyowafikisha jodari sokoni. Chumvi hushusha barafu chini ya sifuri kabisa, na maini yangu yalifika yakiwa magumu kokoto. Nililipa mia na ushei, nauli ya tuktuk ilizidi.

Sasa panya wazima wanasoma chini, wagonjwa juu, na sikumwondoa hata mmoja. Majirani wameshasikia nachunguza kama majani ya mlonge yanalinda ini, wananigongea wakitaka "dawa ya kusafisha". Sina. Aliyemeza paracetamol nyingi namwambia akimbie hospitali hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu dawa ya sumu hiyo, N-asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 8, na mlonge wangu bado uko kwenye vizimba.