Mwiko wenye waya

Klabu yetu ya taarabu hapa Unguja ilitakiwa kupiga usiku wa Idi pili, na samai mpya ya kufungulia (muziki wa ala tupu, bila mwimbaji) tulipewa Shaabani, zimebaki wiki mbili tu mwezi uandame. Ramadhani sisi hatupigi. Fidla hupanda juu ya kabati, na mazoezi yanayobaki ni ya usiku mmoja, Idi mosi.

Wakubwa hawakubabaika. Wa ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ni mwalimu wa skuli, wa dumbaki, ngoma yetu, ni seremala, wa akodioni anauza vipuri vya baiskeli Darajani. Wameshapiga samai nyingi mno hata kuihofia hii moja. Mimi, wa fidla, nilikuwa na miaka miwili klabuni, mtoto wa miezi minane, na fleti ya Michenzani ambayo jirani akipiga chafya ukutani sisi ndio tunaomwombea rehema.

Zile wiki mbili nilipiga saa tano za usiku, mtoto kalala, nimebana kibanio cha nguo kwenye kile kijibao kinachobeba nyuzi. Sauti inakuwa ya mbu, lakini kidole kikikosea unakisikia. Na makamu ya Rast, ngazi ya sauti ya samai hii, ni kazi ya vidole: sauti ya tatu na ya saba zimekaa katikati, si za juu si za chini, na shingo ya fidla haina alama ya kukuonyesha pa kushika.

Mwezi ukaandama. Nikalegeza nyuzi kidogo (usizilegeze zote kabisa, kile kijiti cha ndani kitaanguka na hapo utamtafuta fundi), nikalegeza na upinde, nikafunga sanduku.

Siku ya sita hivi, naosha vyombo vya futari, nikajipapasa ncha za vidole. Sugu zinalainika! Uji, mihogo, sabuni, kila jioni. Nikachukua waya wa fidla uliokuwa umechakaa, nikaufunga kwa urefu kwenye mpini wa mwiko, umekazwa hasa. Baada ya tarawehe nakaa na mwiko wangu begani, vidole vinapita khana ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha samai, kisha taslimu, ambayo ni kama kiitikio, kisha khana ya pili. Hautoi sauti, unauma tu. Nilitaka uume.

Lililonisumbua zaidi ni khana ya nne. Samai ina khana nne, na kila moja ikiisha tunarudi kwenye taslimu. Tatu za mwanzo zinakwenda kwa mapigo kumi. Ya nne inageuka, mapigo matatu ya mbio, na ndipo wageni wanapoachwa njiani. Hilo nililifanyia kazi kwenye unga wa maandazi. Dum ni pigo zito la ngoma, tek ni jepesi: dum, kimya, kimya, tek, kimya, dum, dum, tek, kimya, kimya. Nakanda kumi, kumi, kumi, halafu ghafla tatu.

Mama mkwe akanisimamia mlangoni. "Mwanangu, huo unga umekukosea nini?"

"Hapana mama, nauchapua."

"Na mwiko wangu aliyeutia waya nani?"

Nilimwomba radhi, nikanunua mwiko mwengine. Ule nikabaki nao.

Idi mosi, baada ya isha, tukafanya mazoezi. Nilikosea khana ya tatu mara mbili, mwalimu akanitazama juu ya miwani bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni sifa. Idi pili tukafungua. Huo ndio wakati watu wanatafuta viti na kupungia mashoga zao, hakuna anayekuja kutunza. Pesa zinamsubiri mwimbaji. Khana ya tatu nikaruka pigo moja. Tulipoingia ya nne, mkono ulikwenda wenyewe, tatu, tatu, tatu, na nilijiona jikoni na unga mpaka viwiko.

Tulirudi nyumbani saa nane za usiku, mama mkwe kabeba mtoto, mimi nimebeba sanduku. Kwenye ngazi, ghorofa ya pili, akasimama kuvuta pumzi.

"Ile ya mwanzo," akasema, "ile ndiyo ya unga?"