Profesa wa falsafa kwenye kiti cha amidi: nilivyogawa mzigo wa kufundisha

Nilipoteuliwa kuwa amidi, yaani mkuu, wa kitivo cha sanaa na sayansi, ushauri ulimiminika. Mstaafu mmoja aliyewahi kukikalia kiti hicho aliniambia: "Profesa, falsafa iache darasani. Huku unamalizana na watu mmoja mmoja ofisini kwao, kikaoni mnakuja kugonga muhuri tu." Wengine hawakuficha: mwanafalsafa hawezi kuongoza hata foleni. Nikawajibu kwamba mwanafalsafa Immanuel Kant alikuwa rekta, yaani mkuu wa chuo, wa Chuo Kikuu cha Königsberg mara mbili, 1786 na 1788. Mwenzangu wa historia akanirudishia papo hapo: mwanafalsafa Fichte alichaguliwa rekta wa chuo kikuu cha Berlin mwaka 1811, 1812 akajiuzulu, na mwanafalsafa Heidegger, aliyekuwa rekta wa Freiburg mwaka 1933 na kujiunga na chama cha Nazi, je? Hapo nilinyamaza.

Ushauri wa mstaafu niliufuata kwenye kanuni ya mzigo wa kufundisha, yaani namna ya kuhesabu kazi ya kila mhadhiri. Nilizunguka ofisi zote, kila mkuu wa idara akitikisa kichwa kwa furaha. Kumbe kila mmoja alisikia alichotaka. Historia waliamini usahihishaji wa insha utahesabiwa, kemia waliamini saa ya maabara itakuwa sawa na saa ya mhadhara, hisabati waliamini hakuna kitakachobadilika. Siku ya kikao tulikwama kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, watu wakiulizana nani alimwahidi nani nini. Ajenda yenyewe hatukuifikia. Huo ndio uongozi wa vitendo niliohimizwa niujifunze!

Nikarudi kwenye fani yangu. Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, mwaka 1971, alipendekeza tuchague kanuni za haki tukiwa nyuma ya pazia, bila kujua nafasi zetu katika jamii. Nimelifundisha hilo miaka mingi, wanafunzi wakilalamika kwamba halitekelezeki. Nikatunga idara nne zisizo na majina: moja ina madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza na insha lukuki, nyingine wanafunzi wachache lakini maabara mchana kutwa, ya tatu imeelemewa na tasnifu za uzamili, ya nne inafundisha zaidi wanafunzi wa idara nyingine. Hesabu zake zilinila jioni nyingi, na mhasibu wa kitivo alinisaidia kwa subira isiyo ya kawaida.

Wakuu wa idara niliwapa masharti mawili. Kwanza waandike kanuni, halafu wapige kura ya bahati nasibu kujua nani anaitetea idara ipi. Laiti mngemwona mkuu wa kemia! Aliangukia idara ya insha, na alipopiga hesabu akakuta mhadhiri wake anasahihisha mpaka likizo imekwisha. Akasimama kudai insha zihesabiwe, kwa ukali ambao historia hawajawahi kuwa nao. Mkuu wa historia naye akawa anatetea saa za mafundi wa maabara. Mmoja alidai amezitambua idara zote kwa jicho. Nikamwambia vizuri, ila anayoitetea leo si yake. Tuliandika upya vipengele viwili, kikao kikapitisha.

Mambo mengine madogo: ajenda ya mwisho ya kikao, "Mengineyo", usiiache wazi, atakaye kusema alete kwa maandishi kabla ya kikao, maana huko ndiko watu huficha mabomu. Jifunze kasma (mafungu) za bajeti mapema, hata kama zinakusinzisha. Na usiache kufundisha. Hata nilipopanda kuwa naibu makamu mkuu wa chuo upande wa taaluma, nilibaki na somo la mantiki la mwaka wa kwanza. Ni mahali pekee ambapo mtu aliniambia hoja yangu ni mbovu bila kwanza kuniita mheshimiwa.

Kanuni ile inatumika bado. Kitivo cha sheria waliiomba, wakabadilisha maneno machache, sasa wanaieleza kwenye seneti kama waliibuni wao. Mstaafu yule naye huwaambia watu kwamba ndiye aliyenifunza kazi.