Laptopu ilishindwa, waya mfupi ukasoma

Jumamosi nzima nilikuwa na laptopu kando ya Corolla ya baba, ya 1994, nikijaribu kusoma hitilafu ya injini. Kebo yangu ni ya plagi ya pini 16, ile iliyokuwa lazima kwa magari ya Marekani kuanzia 1996. Gari hili halina! Fundi jirani akafungua kiboksi cha kupimia hitilafu chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili ya humo, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikakonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mbili tena: msimbo 22, yaani hitilafu ya sensa ya joto la maji. Plagi yake imejaa kutu. Tumeisafisha, tukachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) kufuta kumbukumbu ya hitilafu. Moshi mweusi wa asubuhi umekwisha. Fundi wangu, asante sana.