Mama anadhani nimefukuzwa kazi

Leo asubuhi nimepata nafasi ya kupiga kambi Fort Stevens, hifadhi ya pwani kule Oregon, Marekani! Pale bukingi hufunguliwa miezi 6 kabla, na wikendi za kiangazi ukipepesa jicho tu, zimekwisha.

Siku 3, kiwanja chenye umeme, maji na bomba la majitaka. RV, yaani gari la kulala ndani, tutakodi. Watoto wanachotaka ni Peter Iredale tu, ile meli iliyokwama ufukweni mwaka 1906. Mbavu zake za chuma bado zimesimama mchangani.

Basi nikampigia mama, Tanga, nimpe habari njema.

Kimya.

"Nyumba mnayo?"
Tunayo, mama.
"Na kodi mnalipa?"
Tunalipa.
"Halafu mnakwenda kulala kwenye gari. Na choo humohumo."

Nikajieleza weee. Nilipofika kwenye kumwaga tangi la choo, nikajua nimeharibu.

Akashusha sauti, kama hataki majirani wasikie: "Mwanangu, niwatumie hela kidogo?"

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikanyamaza, maana hakuwa anatania.

Waliowahi kulala pwani ile, nibebe nini? Nasikia upepo wake hauna adabu hata Julai.