Ukienda Moro na SGR, fika Mazimbu

Watu wa Dar siku hizi wikiendi wanapanda SGR asubuhi wanaenda Moro, yani Morogoro, wanarudi jioni, ukiwauliza mnaenda kufanya nini utasikia nyama choma, Rock Garden, mapicha na milima ya Uluguru kwa nyuma. Sio vibaya, ile hewa hata mimi naipenda sana. Ila kuna sehemu inaniuma kuona watu wanaipita tu. Mazimbu.

Safari yenyewe rahisi mno. Unapandia stesheni ya Magufuli pale mjini, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, ndani ya masaa kama mawili ushafika, nauli ilipoanza 2024 daraja la kawaida ilikua 13,000. Waliozoea basi la kupitia Chalinze na yale malori wanajua tumeokolewa na nini. Mjerumani alifikisha reli yake Moro 1907 na stesheni ya zamani ipo mjini, hii mpya iko Kihonda, unatoka nje unachukua bajaji unamwambia Mazimbu, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), kampasi ya Solomon Mahlangu.

Nilienda na mdogo wangu, yuko form four, ukombozi wa kusini mwa Afrika anausoma darasani kwa kukariri kama watoto wote. Njiani nikamuuliza Mahlangu ni nani, kimya. Nikamwambia ni kijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, makaburu walimnyonga tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Akaniangalia, "Kaka, 22 si ndo umri wa dada?" Ndio, umri wa dada yetu.

Yani baada ya mauaji ya Soweto, Afrika Kusini, 1976 vijana wa kule walikimbia nchi kwa wingi, na serikali yetu ikawapa ANC lile eneo, lilikua shamba la mkonge la zamani halafu majengo yamechakaa. Wakajenga shule wakaipa jina lake, SOMAFCO (Solomon Mahlangu Freedom College), kuanzia chekechea mpaka sekondari, wakaweka hospitali, wakalima, wakafuga, watoto wa wakimbizi wakasoma hapo mpaka Mandela katoka jela. 1992 wakatukabidhi kila kitu na leo wanafunzi wetu wa chuo wanasoma humo humo. Na kabla ya hapo, 1969, ANC walishafanya mkutano wao mkubwa hapo hapo Moro, ndio mkutano uliofungua milango ya uanachama kwa watu wasio weusi. Vitu vyote hivi vimetokea kwenye mji ambao sisi tunaenda kula nyama!!

Sehemu iliyonikaa ni makaburi. Watu waliotoka kwao wakitegemea kurudi wakazikwa Moro. Dogo alikua anasoma jina moja moja kwa sauti, hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mimi sikumharakisha, nyama choma tukaisahau kabisa.

Tanzania ilitoa ardhi ikiwa na shida zake kibao na mimi najivunia hilo, nataka na watoto wetu wajivunie wakiwa wanajua wanachojivunia. Kwahiyo mwenye mtoto wa sekondari mpeleke, ni kampasi ya chuo so getini salimia vizuri ueleze umekuja kuona nini, kitambulisho usisahau, na tiketi ya kurudi kata kabisa kabla hujatoka Dar maana treni za jioni wikiendi zinajaa mapema.