Hewa ukaa ya karakanani na ile wanayoizika

Watu wakisikia hewa ukaa wanawaza moshi wa malori. Mimi nainunua. Mtungi wake upo hapa karakanani Mabatini, unalisha mashine ya kuchomelea mageti, na vituko vyake navijua. Geji inakaa palepale hata mtungi ukikaribia kuisha, kwa sababu ndani mna kimiminika kinachogeuka gesi kidogo kidogo. Ukitaka ukweli, weka mtungi kwenye mizani. Na mchana mabati yakishika moto, joto la mtungi likipita nyuzi 31, presha nayo ikiwa imepanda vya kutosha, ndani hakuna tena kimiminika wala gesi ya kawaida. Ni kitu kizito kama kimiminika, ila kinapenya kama gesi.

Wahandisi wa gesi wanaoizika ardhini ili isipande angani wanaitaka katika hali hiyohiyo. Chini ya ardhi, kuanzia mita 800 hivi, joto na presha vinatosha kuishindilia, tani nyingi zikaenea mahali padogo. Sasa chukua kitalu cha gesi kilichochoka: methani, yaani ile gesi yenyewe ya kuuza, imebaki mwambani, presha imeshuka. Ukisukuma hewa ukaa kupitia kisima cha pembeni, inakaa chini kwa kuwa ni nzito kuliko methani, presha inapanda, methani inasogea kuelekea kisima cha kuvunia.

Waholanzi walianza 2004 kwenye kitalu cha K12-B, Bahari ya Kaskazini, kina cha mita 3,800 hivi. Gesi yao ilikuwa inatoka na hewa ukaa kama asilimia 13. Wakaitenga palepale kwenye jukwaa na kuirudisha ilikotoka. Hapo nawavulia kofia, hawakuhangaika kuisafirisha kutoka mbali. Walitia na kemikali za alama kufuatilia inakopita, na baadaye zikajitokeza kwenye visima vya kuvunia.

Kasheshe iko hapo. Gesi hizi zinachanganyika, na zikishachanganyika hazitengani zenyewe. Muuza gesi akiona hewa ukaa inamtokea kisimani anataka kusimamisha, maana kuisafisha ni hela. Anayelipwa kwa kuihifadhi anataka kusukuma mpaka mwamba ujae. Njia mbili zilimshinda fisi, na sioni kwa nini zisimshinde mwenye kisima.

Kijana anayejifunza kazi kwangu aliniuliza, "Fundi, haiwezi kutoka ikatuua kama kule Kamerun?" Alikuwa amesikia habari za Ziwa Nyos, Agosti 21, 1986, hewa ukaa ilipofumuka ziwani ikaua watu wapatao 1,700.

Nikamwambia, "Dogo, kule gesi ilikuwa imeyeyuka majini, kwenye kilindi kisichochanganyika na maji ya juu. Hili la kwetu la Victoria ni pana, lakini kina chake kirefu ni kama mita 80, na upepo unalikoroga."

Swali lake lina uzito lakini. Huko In Salah, Algeria, walizika tani milioni 3.8 hivi kati ya 2004 na 2011. Setilaiti zikaona ardhi inainuka kwa milimita, wakasimamisha kwa wasiwasi juu ya mwamba uliofunika.

Mimi linalonikera zaidi ni hesabu. Tani moja ya methani ikichomwa hutoa tani 2.75 za hewa ukaa. Kwa hiyo akija mtu kujisifu ameizika, nitamuuliza kwanza gesi aliyoitoa ameiuza kiasi gani, na nani kaenda kuichoma.